Mshale wa Choo

Baba Asha,

Nianze na lile zito ili nilitue: juzi alfajiri wamekuchimba.

Sijui kama huko uliko habari zinafika zenyewe au mpaka mtu aandike. Mimi naandika, kwa sababu sitaki uzisikie kwa maiti mwingine wa kijiji hiki, wanavyopenda kuongeza chumvi. Walikuja na sururu na koleo, wakautupa udongo huku na huku juu ya makaburi ya wazazi wako, wakashuka mpaka kwenye mbao. Ubao mmoja wameuvunja. Nilikuja mbio, bila viatu, jembe mkononi, nikaiona sanda yako. Ilikuwa imeingia udongo. Nikaruka humo ndani. Imamu ananiita kutoka juu, "Mama Asha, toka, haifai mwanamke," nami nikamjibu neno ambalo sitaliandika hapa. Sikutoka mpaka nilipourudisha ule ubao kwa mikono yangu na kutandaza khanga yangu juu yake. Baadaye ndipo wanaume wakashuka wakafanya inavyotakiwa.

Hawakukugusa, mume wangu. Walichokuwa wanakitaka walidhani kiko chini yako.

Mwanzo wa mambo haya unaujua kuliko mimi, lakini acha niurudie, maana tangu ufe sijasikia mtu akiusimulia sawasawa. Redioni walisema umeuawa na majambazi. Mwenyekiti wa kijiji anasema ulikuwa ugomvi wa mipaka ya shamba. Mimi nasema uliuawa kwa sababu ya kopo la rangi nyeupe.

Ulikuwa mtu wa alizeti na mbuzi, basi. Kikaja chama cha kina Mama Neema kutoka Dodoma mjini, watu wa kujitolea, hawauzi kitu wala hawagombei cheo. Wakasema mlima wetu wenye michoro ni mali ya umma, na kila anayekuja kuutazama anahitaji mtu wa kumweleza: usiguse, usimwagie maji ili rangi ing'ae, usiandike jina lako juu ya twiga. Wakakuchagua wewe. Ukayashika maneno yao ukawa unayafanyia mazoezi mbele ya mbuzi, mpaka nikasema mbuzi wetu ndio waliosoma kuliko wote Kondoa nzima. Mimi naponda mlenda, wewe umesimama mlangoni na fimbo: "Karibuni sana wageni wetu. Kabla hatujapanda, naomba tuelewane mambo machache." Nami nakujibu kutoka jikoni kwamba kuna mgeni mmoja hapa anataka kuni. Ulikuwa unacheka, unaenda kuleta kuni, unarudi na kuendelea pale pale ulipoishia.

Kisha yule mwanafunzi wa chuo akapotea njia, akateleza kwenye korongo akavunjika mguu. Chama kikanunua rangi. Ukapanda na brashi yako, ukachora mishale kwenye mawe ya njiani. Wa kwanza, pandia hapa, jiwe ni imara. Wa pili, pita mbali, kuna nyuki. Wa tatu, choo. Na mingine ya kushukia. Choo kile ulikuwa unakionea fahari kuliko michoro yenyewe. Ulisema hatimaye watu wataacha kujisaidia nyuma ya mwamba wenye mchoro wa pofu, na mlango ukaupaka bluu ili mgeni asipate shida.

Hakuna aliyefikiri. Si wewe, si Mama Neema, si mimi. Na sote tumezaliwa huku, tumelelewa na hadithi ile ile: Mjerumani alipokimbia vita alifukia rupia na dhahabu milimani, akaacha alama juu ya mawe ili akirudi azione. Nani kwetu hana ndugu aliyechimba? Baba yako mwenyewe alichimba mpaka mgongo ukapinda. Mkwaruzo wa fisi juu ya jiwe watu wanausoma kuwa ramani. Na katika nchi hiyo wewe ukachora mishale, myeupe, mipya, kwa mkono wa mtu anayetembea na wazungu kila wiki.

Siku ile wageni walikwisha kushuka. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimeanika mtama. Ulisikia sururu juu mlimani ukasema kuna watu wanaharibu, ukapanda na kofia yako ya chama. Yaliyofuata niliyasikia mahakamani, kutoka kwa mmoja wa wale watatu, yule aliyekubali kosa. Alisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa. Walikuwa wanachimba kwenye mshale wa tatu. Wakakuuliza mshale unaelekea wapi. Ukawaambia: choo. Wakauliza tena. Ukasema choo, hata ukawanyooshea kidole, kile pale, mlango wa bluu. Wakaona unawafanyia dhihaka. Wakakupiga na mpini gotini. Wakauliza. Choo. Wakakuvunja vidole, mkono ule wa brashi, wakauliza. Alisema ulilia, ukaapa kwa Mungu, ukasema choo. Kisha mmoja wao akageuza sururu upande wa chuma.

Nimekugombeza sana kwa hilo. Kitandani, shambani, kila mahali nakugombeza. Kwa nini hukudanganya? Ungewaonyesha jiwe lolote, ungesema chimbeni hapa, wakiinama ungekimbia. Mimi ningewadanganya mpaka wafike Chemba wakichimba. Wewe umezoea kumwambia mgeni kilicho kweli, basi ukawaambia na wao, kana kwamba walikuja na kamera.

Nilipokukuta ulikuwa bado unapumua. Nzi walikuwa wameshafika. Hukusema kitu, kinywa kilikuwa kimejaa damu, nami nilikuwa nakipangusa kwa khanga na kinajaa tena. Watu wananiuliza alisema nini mwisho. Nawaambia alisali. Wewe na mimi tunajua hukuweza.

Nilikaa eda yangu yote. Asha sasa ni mrefu kunishinda, anasoma vizuri, ila akisikia mtu anapasua kuni anaingia ndani. Mvua zilichelewa. Bakari mdogo wako amelima shamba la chini kwa niaba yetu, Mungu amlipe, ingawa nina mengine ya kusema juu yake. Mlima ulifungwa, na ulipofungwa ndipo wachimbaji walipojaa. Walichimba mpaka chini ya pango kubwa. Vumbi lilipanda likafunika wale watu wembamba wa kwenye michoro uliokuwa unasema wanacheza ngoma. Mama Neema akaja na gari, akakaa kwenye mkeka wangu, akasema, "Mdogo wangu, mlima usipokuwa na mtu wa kuusemea tutaukosa. Maneno yake unayajua?" Nikamwambia nayajua kuliko mbuzi.

Basi mlima ukafunguliwa tena, na mimi ndiye ninayepandisha wageni sasa. Nimevaa kofia yako, nimeifua lakini doa halikutoka. Nawaeleza kila kitu isipokuwa pale kwenye mshale wa tatu. Pale nanyoosha mkono kwa mbali nasema choo kiko kule, napita. Sijawahi kusimama.

Sasa hili la kaburi. Chama kilitaka kukuheshimu. Walichukua jiwe la mlimani kwako, wakalisimamisha kichwani pako, wakaandika jina lako kwa rangi iliyobaki kwenye kopo lile lile. Na siku ya mazishi gari lao lilishusha sanduku kubwa. Mimi najua lilikuwa na mchele na sukari ya kulishia waombolezaji, maana ndiye niliyelifungua. Lakini kijiji kilikwisha kusema. Marehemu hakukubali kuonyesha mali, akafa nayo moyoni. Wenziwe wa mjini wakaihamisha na kumzikia juu yake. Maneno hayo yamekaa vinywani mwa watu waliokula mchele wenyewe.

Juzi wale wengine walitimka, mmoja akabaki kwa sababu alijikata mguu na koleo. Unajua nani? Shabani. Shabani fundi pancha wa pale standi, aliyeshika jeneza lako upande wa mbele kulia kutoka msikitini mpaka makaburini. Alijua udongo ulipokuwa laini kwa sababu aliukanyaga yeye.

Wanakijiji walimburuta mpaka kwenye kibanda chake. Jua lilikuwa ndiyo linachomoza, akina mama wakitoka kuchota maji, wote wakageukia huko. Nilipofika walikuwa wamemvunja mkono. Wamemvisha tairi, tena la kwake mwenyewe, lililokuwa limetundikwa nje kama tangazo. Bakari ana chupa ya petroli na kiberiti. Watu wakanipisha. Bakari akasema, "Shemeji, huyu ni wako. Sema neno tu."

Nilimpiga, Baba Asha. Nilimpiga kinywani kwa mpini wa jembe na nikasikia meno. Nikampiga tena shingoni, juu ya tairi, na ningependa kusema nilijizuia lakini sikujizuia. Ilinipendeza. Nilitaka aungue. Nilikwisha fungua kinywa niseme hilo neno.

Yule mtu akatema damu, akanitazama kwa jicho lililobaki wazi, akasema, "Mama Asha, nionyeshe tu ilipo. Tutagawana."

Na tairi shingoni. Petroli inamnukia puani, anazungumza habari ya kugawana.

Nikangoja watu wamrukie. Hakuna aliyesogea. Nikageuka nikawatazama, majirani zangu, watu walionipikia kwenye eda, na wote walikuwa wananitazama mimi, wala hawamtazami yeye. Walikuwa wanangoja jibu. Bakari akashusha chupa. Ndugu yako wa tumbo moja, akaniuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, kwani ipo?"

Hapo ndipo nilipoona kilichokuua. Nilikuwa nadhani ni watu watatu.

Nikawaambia ipo, nifuateni. Sijui niliitoa wapi sauti hiyo. Wakanifuata wote, kijiji kizima, na Shabani wakimvuta mbele na tairi lake, damu inamchuruzika mguuni. Tulipofika chini ya mlima nikapanda juu ya lile jiwe ulilokuwa unasimama kuwakaribisha wageni, nikageuka nikasema, "Karibuni sana wageni wetu. Kabla hatujapanda, naomba tuelewane mambo machache." Wakadhani nimerukwa na akili. Nikawaambia asiyetaka kusikiliza asipande. Nikawaeleza yote: msiguse, msimwagie maji, msiandike. Wanaume wenye mapanga walikuwa wanaitikia kwa vichwa.

Unajua wengi wao walikuwa hawajawahi kuingia pangoni? Wamezaliwa chini yake. Wamekata kuni kila upande, wamechimba kila upande, picha hawajazitazama hata siku moja. Zubeda, mke wa Shabani, alikuwa amejibanza nyuma analia, naye alipomwona twiga akanyamaza akauliza nani alimchora. Nikajibu kama ulivyokuwa unajibu, kwamba ni watu waliokaa hapa kabla yetu, majina yao hatuyajui. Uliwapandisha wanafunzi, ukawapandisha wazungu, ukampandisha hata yule mzee aliyekuja na kiti cha kukunja. Hakuna aliyewahi kututuma kuwapandisha hawa. Chama kilisema elimu kwa wageni, na mwenyeji akabaki chini akijielimisha mwenyewe kwa kutazama mishale.

Nikaenda mshale mmoja mmoja. Wa kwanza, nikawaambia unasema pandia hapa, wakakanyaga wakaona ni kweli. Wa pili, nyuki, wakasikia wanavyovuma. Wakaanza kukaribiana, wananisukuma, kwa sababu wote wanajua kwenye wa tatu ndipo ulipouliwa.

Nikasimama palepale. Shimo bado lipo, limejaa majani. Nikasema, "Mshale huu unaelekea chooni."

Uso wa Bakari ulibadilika. Niliuona. Kwa dakika hiyo alikuwa ananichukia, shemeji yangu, ananiona namficha, na nikajua hivyo ndivyo walivyokutazama. Nikalishika jembe langu vizuri. Nikasema tena: choo. Kile pale, mlango wa bluu. Akaenda. Akaufungua mlango, akaingia, akakaa humo muda, akatoka. Akaketi chini vumbini na kujishika kichwa.

Kijana mmoja wa bodaboda akacheka. Labda ni woga, sijui. Bakari aliinuka akamrukia, akampiga chupa ya petroli usoni mpaka ikapasuka, wakagaagaa mpaka shimoni, na ilichukua wanaume kadhaa kuwatenganisha. Wengine wakaanza kupigana kwa sababu hiyo, kila mtu na wake. Wakati wanapigana Zubeda alimwendea mumewe akamvua tairi kwa mikono yake miwili, akalisukuma likabingirika kwenye korongo. Hakuna aliyemzuia. Kisha akaja kwangu akasimama karibu sana.

"Kwa hiyo Baba Asha aliwaambia kweli?"

Nikasema ndiyo.

"Mara zote?"

Nikasema mara zote. Akaketi pale nilipokukuta, akalia, na mimi sikumbembeleza, ila sikumfukuza pia.

Polisi wamemchukua Shabani. Yuko hospitali chini ya ulinzi, taya limefungwa waya. Wameniuliza nani alimvunja meno, nikasema mimi, wakaandika, wakaenda zao. Ikibidi nitakwenda kulijibu hilo. Sijamsamehe. Mama Neema ananiambia nijaribu, nami namwambia ajaribu yeye kwanza kuingia kaburi la mumewe akiwa na jembe.

Na usidhani wote wameelewa. Jana asubuhi tumekuta choo kimechimbwa. Ndiyo, choo. Kuna aliyefikiri kwamba mahali pa kuficha mali ni pale ambapo hakuna atakayetaka kuchimba. Alitumbukia mpaka kiunoni, nyayo zake zilionekana mpaka mtoni. Nilicheka, Baba Asha. Mara ya kwanza tangu ufe. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha kicheko kikageuka kingine na Asha akaja kunishika.

Mishale sikuifuta. Chama kinataka tuifute yote, kila mmoja anasema tuepushe balaa. Nimewakatalia. Nimewaambia wageni wa mbali wangoje kidogo, kila Ijumaa baada ya sala nitapandisha watu wa hapa, kaya kwa kaya, kwanza ya Zubeda na watoto wake. Mama Neema amekubali. Bakari amesema atakuja kushika mkia wa msafara. Bado hanitazami usoni, na mimi namwacha.

Kaburi lako tumelifukia vizuri, udongo tumeushindilia. Jiwe nimelirudisha mlimani. Nalala na jembe mlangoni, na atakayekuja tena makaburini akutane na mimi kabla hajakutana na polisi.

Pumzika sasa, mume wangu. Umesema vya kutosha, umesema na vidole vimevunjika. Kilichobaki nitakisema mimi. Nitasimama palepale nitawaambia ulichowaambia, kwa neno lile lile, Ijumaa hata Ijumaa, mpaka siku mgeni atakapomuuliza mtoto yeyote wa kijiji hiki mshale wa tatu unaelekea wapi, na mtoto ajibu, na asipigwe.

Mkeo,
Mama Asha